Pacha wa Kumi na Moja wa Kamanda Sikudhani

Siku bahari ilipomrudisha Kamanda Sikudhani Mbaruku, Kamanda Sikudhani Mbaruku mwenyewe alikuwa ofisini kwake, ghorofa ya pili, akichonga penseli. Ilikuwa penseli ya nane asubuhi ile. Hakuwa na cha kuandika. Lakini afisa mwenye nishani kumi na saba kifuani hawezi kuonekana amekaa tu, na penseli humpa mtu sura ya kazi.

Sajini Lukindo, fundi mkuu wa mapacha, aliingia bila kubisha hodi. Katika miaka kumi na minne waliyofanya kazi pamoja, hilo halikuwa limewahi kutokea.

"Afande, meli ya nyaya za mawasiliano imevua kasha."

"Kasha gani?"

"La Mwewe. Namba kumi na moja. Linazungumza, afande. Linauliza kama leo ni siku ya wali."

Sikudhani aliiweka penseli mezani, polepole, kama mtu anayetua yai. Ndani ya manowari *Subira*, wakati wa vita, wali ulipikwa Jumatano. Kumi na Moja alirushwa Jumatano.

Katika Vita vya Mlango Mwembamba hakuna rubani wa Jeshi la Majini aliyepaa na mwili wake. Rubani alikaa kwenye kiti ndani ya tumbo la manowari, akavalishwa kofia yenye nyaya, na kwa dakika ishirini nakala yake yote, hasira, vidole, woga na wivu wa tangu utotoni, ikamiminwa ndani ya kasha lenye ukubwa wa tranka la shule. Nakala hiyo iliitwa pacha. Kasha lilipachikwa kwenye ndege ya kivita iitwayo Mwewe, Mwewe akarushwa, na rubani akainuka kitini akaenda kunywa chai. Mwewe akirudi, rubani alivaa kofia tena akampokea pacha wake kichwani, na saa zile za vita zikawa zake, pamoja na maumivu ya kichwa. Mwewe asiporudi, alimiminwa mwingine.

Tatizo lilikuwa mapacha wa mwanzo. Walijua hawana thamani, wakafanya kama watu wasio na thamani: wengine waligeuza njiani, wengine walijitosa baharini kwa kununa. Madaktari wakakaa kikao, wakatoka na kanuni. Kabla ya kumiminwa, rubani alipaswa kujiambia kwa sauti: ukianguka, nitakuja kukuchukua. Na kipimo kwenye kofia kilionyesha kama anamaanisha. Kwa marubani wengi mshale wa kipimo ulilala chali. Kwa Sikudhani ulisimama wima, kila mara, mpaka madaktari wakashuku kipimo.

Kipimo hakikuwa na kosa. Sikudhani alipokuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana, alitaka kukwepa mbio za nyika. Matroni alikuwa na kipimajoto, na kipimajoto hakidanganywi. Basi Sikudhani alijilaza, akajiambia anaumwa, akaamini kwa moyo wake wote, na joto likapanda hadi thelathini na nane na nusu. Huo ndio uliokuwa msingi wa ulinzi wa taifa baharini.

Alirusha mapacha ishirini na tisa. Kumi na wawili walirudi. Kumi na saba hawakurudi, na kwa kila asiyerudi Kamanda alivishwa nishani moja. Maarufu kuliko wote ni Kumi na Moja, aliyejiweka mbele ya kombora ili lisiipate *Subira* na watu mia tisa waliokuwa ndani yake. Picha yake ilibandikwa ukutani katika kila darasa la nchi: Mwewe, kombora, na kwenye kona uso wa Sikudhani ukitazama mbali. Wakati picha ile inapigwa, alikuwa akitazama saa ya ukutani kujua watamaliza lini.

Sasa miaka tisa ilikuwa imepita, na Kumi na Moja alikuwa karakana, anauliza wali.

*

Kasha lilikuwa juu ya meza, limegandwa na makombe ya bahari upande mmoja. Lukindo alikuwa amelichomeka umeme na spika ndogo ya kijivu.

"Nani huyo?" kasha liliuliza. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, ila laini zaidi.

"Ni mimi."

"Wewe mimi yupi?"

"Yule wa kwenye kiti."

"Aa. Mbona sauti imekwaruza hivyo? Unavuta sigara?"

"Sivuti. Nimechoka tu."

"Umechoka!" Kasha lilicheka. "Msikie huyu. Kilichokuchosha nini, ngazi za ofisini? Mimi ndiye niliyekaa chini huko."

Sikudhani alivuta kigoda akaketi. Kwa miaka tisa alikuwa amehutubia shule, kambi na mikutano ya wastaafu, na mdomo wake ulikuwa na hotuba tayari kwa kila tukio la binadamu. Kwa hili haukuwa nayo.

"Umekaa muda gani?" aliuliza. "Kwa hesabu yako."

Lukindo ndiye aliyejibu, macho kwenye kioo cha mashine yake. "Kasha likikosa umeme hujipunguza kasi, afande. Lilikuwa linakula umeme kidogo kidogo kutokana na mkondo wa maji. Huku juu ni miaka tisa. Kwake ni miaka miwili na miezi minne."

"Macho?"

"Hayakuwapo. Masikio pia. Vyote vilibaki kwenye ndege."

"Usimwonee huruma huyo wa kwenye kiti, Lukindo, atazoea," kasha lilisema. "Nilikuwa na shughuli nyingi. Nililipanga upya bweni letu lote, kitanda kwa kitanda, na kila msichana nikamtaja kwa jina mpaka la babu. Halafu nikawaita walimu mstarini, nikawapa adhabu. Mwalimu wa hesabu amefyeka nyasi mwaka mzima." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kisha wakaniishia. Watu huisha, unajua? Unawataja wote, unabaki wewe."

Nje, makuruta walikuwa wakiimbishwa mchakamchaka.

"Ulisema utakuja," Kumi na Moja alisema.

"Nilisema."

"Wamekuja mafundi wa simu."

Sikudhani aliweka kiganja juu ya kasha, kisha akakiondoa, kwa sababu lilikuwa la baridi na kwa sababu hakujua kiganja kile kinamfaa nani.

"Nieleze kuhusu kombora," alisema mwishoni.

"Kombora gani?"

"Lile ulilojiweka mbele yake. Siku uliyoiokoa manowari."

Kasha likacheka kicheko kile cha bwenini, cha chini ya shuka, kinachomfanya mwalimu wa zamu ageuke mlangoni.

"Ndivyo wanavyosema? Mama yangu! Sikiliza. Nilikuwa na mafuta ya dakika ishirini, adui mmoja nyuma yangu, na redio iko wazi. Nikasikia sauti kutoka *Subira*. Ilisema: wa kumi na moja amekwisha, tumimine mwingine. Unaikumbuka sauti hiyo?"

Aliikumbuka. Ilikuwa yake. Chai ilikuwa inapoa, na rada ilikuwa imempoteza Kumi na Moja kwa muda wa dakika nne.

"Basi nikageuza," Kumi na Moja akaendelea. "Nilikuwa narudi kukutukana. Nilishapanga matusi yote, nimeyapanga kwa mtiririko, utangulizi, kiini na hitimisho. Hilo kombora lilinikuta njiani. Sikuliona hata rangi."

*

Admirali Pantaleo Kiwelu alifika saa sita, akiwa peke yake, jambo ambalo admirali hafanyi akiwa na habari njema. Alivua kofia mbele ya kasha kama mtu aliyeingia kanisani.

"Kumi na Moja," alisema, "nchi inakushukuru."

Kasha kimya.

"Kumi na Moja, unanisikia?"

"Mteja unayempigia," kasha lilisema kwa sauti ya heshima kubwa, "hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye."

Admirali alimtazama Lukindo. "Limeharibika?"

"Hapana, afande. Ndivyo lilivyo."

Kiwelu hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ulipokuwa ugumu wake. Alikuwa mzee mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliyejua majina ya wake wa mabaharia wake. Alivuta kiti akakaa karibu na Sikudhani, akaongea kwa sauti ya chini.

"Tarehe mosi maadui wanarudi Mlango Mwembamba, na meli arobaini. Hilo unalijua."

"Nalijua, afande."

"Nina marubani thelathini na moja. Nimewavalisha kofia wote, mmoja mmoja. Mshale haunyanyuki. Vijana wa siku hizi hawaamini hata ratiba ya chakula, wataamini kwamba watakwenda kumchukua mtu baharini? Na wewe nimekupima mara tatu."

"Mshale ulilala."

"Ulilala kama mgonjwa. Sasa Mungu ameniletea huyu." Aliinua kidevu kuelekea kwenye kasha. "Nataka nakala mia tatu. Nikiwa nazo, wale thelathini na moja watakaa chini wanywe chai, kama ulivyokunywa wewe. Nisipokuwa nazo, watapanda wenyewe, na miili yao."

"Kuna jambo huyu hajakuambia, afande. Hakulizuia kombora. Alikuwa amegeuza, anarudi."

Admirali hakushtuka. Alisugua macho kwa vidole viwili. "Nilidhani hivyo. Nimeitazama ile ramani ya njia yake kwa miaka tisa. Si tatizo. Tutakata dakika zake za mwisho."

"Na miaka ya chini ya bahari?"

"Hiyo tutaanza nayo. Tutambakisha alivyokuwa asubuhi ile, ametoka kuahidiwa, ana imani tele."

"Na mimi?" kasha lilisema ghafla, bila mzaha wowote. "Mimi ninayesema hapa. Nitakwenda wapi?"

Admirali alitazama sakafu. Aliweka fomu juu ya meza. Kwa sheria ya vita, pacha aliyerudi ni wa kichwa alikotoka hadi rubani atakapotia sahihi ya kumwachia. "Nitarudi saa kumi," alisema. Mlangoni aligeuka. "Sikudhani. Sikulazimishi. Nakuomba tu uwakumbuke wale vijana unapoamua."

Hilo lilikuwa baya kuliko kulazimishwa, na Admirali alilijua hilo tangu alipokuwa luteni.

*

Lukindo alifunga mlango, akasimama ameupa mgongo.

Njia zilikuwa tatu, na Sikudhani alizigeuza kichwani kama mtu anayegeuza nguo chafu akitafuta iliyo nafuu. Akitia sahihi, Kumi na Moja atakatwa na wenzake mia tatu watatumwa kufa wakiwa na furaha. Akimfuta, atakuwa amemmaliza kwa mkono wake badala ya kwa uvivu. Au ampokee. Avae kofia, miaka miwili na miezi minne ya giza imwingie kichwani kwa dakika arobaini, na kasha libaki tupu. Hakuna rubani aliyewahi kupokea zaidi ya saa sita. Wa saa sita alitapika siku mbili.

"Lukindo," alisema, "Hidaya yuko kikosi gani?"

"Cha tatu."

Hidaya alikuwa binti wa pekee wa Lukindo. Sikudhani alimjua tangu akiwa na mapengo, akija karakana na daftari lake la hesabu kukaa chini ya meza hii hii. Sasa alikuwa Luteni Hidaya Lukindo, mmoja wa wale thelathini na moja.

"Ungekuwa wewe?"

"Usiniulize hilo, afande." Sauti yake ilipanda. "Mimi ni baba. Baba anatia sahihi hata kwa mguu. Lakini wale ishirini na tisa niliwamimina mimi, kwa mikono hii, na nilikuwa nafunga kasha kabla hawajaanza kusema. Ndiyo kanuni. Unafunga mapema, husikii kitu." Alilitazama kasha. "Leo nimemsikia mmoja anauliza wali."

"Nikitia sahihi utanilaumu?"

"Hapana."

"Na nikikuambia univalishe kofia?"

Lukindo alikwenda kabatini, akaishusha kofia, akaanza kufuta vumbi kwa pindo la shati lake, tundu kwa tundu, bila haraka.

"Hidaya ana miaka ishirini na mitatu," alisema.

"Najua."

"Najua unajua. Nataka ulijue wakati unavaa."

Akamvalisha. Kila waya uliingia mahali pake.

"Ee, wewe," Kumi na Moja alisema. "Huku ndani kuna giza jingi. Usije ukasema sikukwambia."

"Umeniambia."

"Na nina matusi yako, bado yamepangwa."

"Lete yote."

Ilitangulia hasira, ya moto na tamu, na ndani yake sauti yake mwenyewe redioni ikisema amekwisha. Ikafuata maji. Baada ya maji hapakuwa na kitu, na hicho kisicho kitu kikaendelea. Alipita katika bweni, vitanda arobaini, kila jina likitajwa kwa upendo wa mtu anayeng'ang'ania ukingo. Alimwona mwalimu wa hesabu na fyekeo. Majina yakaisha. Akabaki yeye, akijiita, na anayeitikia akiwa yeye, mpaka akaacha kuitika kwa sababu hakukuwa na haja. Hapo alikaa kuliko mahali pote. Hakukuwa na maumivu pale. Kulikuwa na kungoja, na kungoja hakukuwa na saa, na kila palipopita muda usiopimika ilikuja ile imani yake ya kijinga, imara kama siku ya kwanza: atakuja, huenda amechelewa. Hilo ndilo lililomliza. Alikuwa tayari kwa matusi. Hakujua kwamba yule chini, pamoja na matusi yote, alikuwa bado anamtetea.

Lukindo alipomvua kofia, kasha lilikuwa kimya, na taa yake ndogo ya kijani imezimika. Kamanda alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Afande? Unajua jina lako?"

"Fungua madirisha," alisema. "Yote."

*

Saa kumi kamili Admirali alikuta kasha tupu na fomu isiyo na sahihi. Hakupiga kelele. Aliketi, akaonekana kuzeeka hapo hapo kitini.

"Umeniulia watoto," alisema.

"Huenda. Ndiyo maana naomba nafasi kikosi cha tatu."

"Una miaka arobaini na saba."

"Arobaini na tisa na miezi minne, afande."

"Hujawahi kupaa vitani na mwili wako. Hata mara moja."

"Hilo tunalijua sisi wa jeshini. Nchi nzima huhesabu kwamba nimepaa mara ishirini na tisa. Itakuwa aibu wakiniona nimebaki chini."

Kiwelu alimtazama Lukindo aliyesimama dirishani. "Ndege moja haitoshi, Kamanda."

"Haitoshi," alikubali. Hakuwa na hoja nyingine. Alikuwa amechoka mno kutunga.

Kesho yake asubuhi, katika ndege ya mafunzo ya viti viwili, Luteni Hidaya Lukindo alimfunga shujaa wa taifa mkanda, akamwonyesha wapi pa kushika na wapi pasiguswe kamwe, na akamkabidhi mfuko wa karatasi kwa adabu zote. Shujaa wa taifa aliujaza mfuko huo kabla hawajamaliza kona ya kwanza.

"Pole, afande."

"Asante, mwanangu. Una mwingine?"

Hidaya alimpitishia wa pili. Waliiacha nchi kavu nyuma. Chini bahari ilikuwa imejaa jua, inang'aa mpaka inaumiza, na Sikudhani aliitazama bila kupepesa, machozi yakimtiririka, kwa sababu kwa kichwa chake hii ilikuwa mara ya kwanza kuona mwanga wa bahari kwa zaidi ya miaka miwili.

"Baba ameniambia," Hidaya alisema bila kugeuka. "Yote."

"Umekasirika?"

"Jana nilikasirika. Leo naogopa tu."

"Hata mimi."

Hidaya akauliza lile swali ambalo kila mwanafunzi wa nchi ile huuliza, na ambalo Kamanda alikuwa amelijibu mara elfu kwa sentensi tatu zilizotungwa na kamati.

"Afande, ile siku ya kombora, uliwaza nini?"

Sikudhani alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakuhitaji kamati. Alikuwa anakumbuka.

"Niliwaza kwamba nikifika, kuna mtu nitamtukana mpaka alie."

Hidaya alicheka, ndege ikayumba kidogo. "Ukamtukana?"

"Nilichelewa njiani," Kamanda alisema. "Nilipofika nikamkuta amechoka kuliko mimi."